Kiuno cha Dada Haula na Trei la Mayai

Olumbi, 9 Juni 2025

Dada yangu Haula,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, ila mke wangu Ancha jino linamsumbua na amekataa kung'olewa, kwa hiyo nyumba nzima inaumwa jino. Muhogo umekubali mwaka huu. Msikiti umepata bati jipya upande wa kibla. Jirani yako Mama Telma bado anauza maandazi na bado anayapunguza kila mwezi, anadhani hatuoni. Simu nimekupigia mara sita hupokei, ndiyo maana nimemkabidhi Mariamo barua hii, maana yeye na vitenge vyake vya kuuza wanavuka mto wa mpakani kila wiki mbili.

Sasa jambo lenyewe. Mwanangu Sumaia anaolewa. Bwana ni Nuro, mtoto wa marehemu Saide wa Palma, mtulivu, anafundisha shule. Arusi ni Ijumaa ya tarehe kumi na tisa mwezi wa tisa. Na ukoo wetu unaujua, bibi arusi hatoki chumbani mpaka shangazi yake amshike mkono amvushe kizingiti. Nilimwambia Sumaia zama zimebadilika, tunaweza kuazima shangazi kwa majirani. Akanijibu kwamba kama shangazi Haula hayupo, yeye atakaa chumbani mpaka azeeke na Nuro atamtembelea dirishani. Ukaidi huo hakuutoa kwangu, na kwa mama yake hakuutoa. Unajua alikoutoa.

Basi njoo. Miaka minne huko Mtwara tangu tukimbie vita imetosha, sisi tuliorudi tumerudi na tunaishi. Wewe vuka mto kwa boti, mimi nitakungoja ng'ambo ya huku, Namoto, na pikapu.

Ndugu yako,
Rajabo


Mtwara, 24 Juni 2025

Mdogo wangu Rajabo,

Wa aleikum salaam. Simu yako sipokei kwa sababu ukipiga unapiga ukelele, na mtaa mzima wa Chikongola unajua habari za jino la Ancha kabla yangu. Barua inanyamaza mpaka niifungue mwenyewe. Binti yangu Umi hajambo, watoto wake waliugua surua wakapona. Nimepata paka. Sikumtafuta, alikuja akakaa.

Habari ya Sumaia imenifurahisha mpaka nikakaa chini. Mwambie shangazi yake amelia kidogo kisha akacheka sana, na la dirishani ni jibu zuri, asilirudie mbele ya wakwe.

Lakini kuja siwezi, Rajabo. Kiuno. Tangu safari ile ya kukimbia kiuno changu hakijarudi mahali pake. Gari lako lile si gari, ni kinu, na mimi ndiye niliyekuwa mpunga. Kila shimo la kutoka Olumbi hadi Namoto nalijua, maana kila moja lilijitambulisha mgongoni mwangu. Huyo shangazi unayemtaka amshike bibi arusi mkono atafika ameshikiliwa yeye na watu watatu. Nitaleta kanga na udi kwa mkono wa Mariamo, na dua.

Na kitanda changu cha mninga, alichoniachia marehemu mume wangu, kipo? Nyumba nilikuachia ufunguo, sikukuachia kitanda.

Dada yako,
Haula


Olumbi, 6 Julai 2025

Dada Haula,

Salamu nyingi, na paka msalimu. Shamba limeingiwa na nguruwe mwitu, tumewafukuza, wamerudi. Mama Telma amesikia ulichoulizia na anasema yeye hajui lolote kuhusu kitanda. Sijui kwa nini amesema hivyo, hakuna aliyemuuliza.

Kumbe tatizo ni kiuno tu. Kiuno nitakimaliza mimi.

Wiki iliyopita nilikwenda Mocímboa nikanunua matairi manne mapya, yale manene ya kubebea saruji, nikayajaza upepo mpaka nikiyagonga yanalia. Nikanunua na shokapu ngumu kuliko zote walizokuwa nazo. Kisha nikaongeza jani moja la springi kila upande wa nyuma. Nilijiambia kinachotikisika ni kile kilicholegea, basi nikikaza kila kitu hakitabaki cha kutikisika.

Juzi tukajaribu. Ancha alikaa katikati na bakuli la uji mapajani, maana kwa sababu ya jino ndicho chakula chake. Maalimu Sharifu alikuwa ameomba lifti, akakaa dirishani na kanzu yake ya Ijumaa. Sitaki kukuficha, dada. Hatujafika barabara kuu uji wote ulikuwa umehamia kwenye kanzu ya Maalimu. Kwenye shimo la kwanza alisema bismillahi. La pili aliomba kushuka. La tatu jino la Ancha lilitoka lenyewe.

Ancha sasa hana maumivu yoyote, kwa hiyo huwezi kusema kazi ile haikuwa na faida. Ila hazungumzi nami. Nitampelekea gari fundi Rafique wa Palma, aliyetengeneza magari ya makampuni miaka mingi, aniambie nimekosea wapi.

Usimwahidi mtu mwingine siku ya tarehe kumi na tisa.

Rajabo


Mtwara, 20 Julai 2025

Mdogo wangu,

Barua yako nilimsomea Umi, akacheka mpaka akamwamsha mtoto. Mpe Ancha pole kwa jino na hongera kwa kunyamaza. Maalimu Sharifu mwombe radhi kwa niaba yangu, mwambie nitamshonea kanzu. Hapa tuko salama. Paka amezaa, sasa nina paka watano na sikutaka hata mmoja.

Rajabo, tangu utoto wako ukitaka kitu kiwe kizuri unakifanya kiwe kigumu. Uliwahi kumpikia mama mkate wa kumimina tukaufanya kizuizi cha mlango.

Nilipita duka la spea hapa sokoni, kwa udadisi tu, nilikuwa na safari zangu. Nikamweleza muuzaji ulichofanya, akaita na wenzake waje wasikie. Amenifahamisha hivi. Springi kazi yake ni kubeba na kunesa. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi, ikinesa mara moja isiendelee kucheza mpaka kesho. Na tairi ndilo la kwanza kulimeza shimo, lakini likijazwa upepo kama ulivyolijaza haliwezi kumeza kitu, linaturudishia shimo zima sisi abiria. Wewe umelivalisha gari la watu viatu vya lori, tena umelifunga mkanda.

Nimekuletea shokapu nne kwa mkono wa Mariamo, mbili za mbele na mbili za nyuma, si ngumu si laini. Muuzaji aliuliza gari ni la aina gani na la mwaka gani. Nilimtajia vyote mpaka namba za kile kibati kilichopigiliwa kwenye dashibodi. Akashangaa mwanamke anajua vipi. Nilimwambia niliwahi kukitazama kibati hicho muda mrefu.

Usidhani nakuja. Hizi ni kwa ajili ya meno ya Ancha yaliyobaki.

Hujanijibu kuhusu kitanda.

Haula


Olumbi, 4 Agosti 2025

Dada yangu mpenzi,

Tumepokea. Mariamo alizifunga shokapu kwa kanga, moja moja, akazipakata kwenye boti. Pale forodhani Namoto ofisa alimpisha mbele ya foleni akidhani ni mama mwenye mtoto mchanga, kisha akaomba amwone mtoto. Alipofunuliwa akasema ni mwembamba sana, akauliza kama wengine watatu ni mapacha wake. Wakacheka wote, karatasi zikagongwa mihuri, akapita.

Fundi Rafique alizunguka gari mara mbili. Kisha akatoa yale majani ya springi niliyoongeza, akafunga shokapu zako, akabadilisha mipira yote ya springi, ambayo ilikuwa imesagika mpaka chuma kinagonga chuma. Matairi ya saruji nimebadilishana na Rama, ambaye kweli anabeba saruji, akanipa yake ya ubavu laini, mapya kabisa, aliyanunua kimakosa. Upepo tukaupunguza karibu nusu. Na kwa kuwa pikapu tupu hurukaruka nyuma, Rafique ameniambia niweke mifuko miwili ya mchanga juu ya ekseli, niiache humohumo.

Na kila hatua aliipima kwa mtihani wake. Trei la mayai mabichi thelathini kwenye kiti cha abiria, bila kitambaa, bila kushikwa, kutoka Palma mpaka Olumbi. Anasema yai halina adabu ya kumwonea haya mwenye gari. Safari ya kwanza, kabla hajagusa kitu, lilibaki yai moja. Ya pili, shokapu zimefungwa, yalipasuka kumi na moja. Ya tatu, baada ya matairi, mawili tu. Nyumbani tumekula mayai siku tisa mfululizo. Kuku wa Ancha wananitazama vibaya, na mwenyewe pia, ingawa sasa anazungumza.

Dada, gari limetulia. Nikiingia shimoni naona kwa macho kwamba nimeingia, mwili haupati habari. Niambie nikungoje Namoto siku gani.

Rajabo


Mtwara, 19 Agosti 2025

Rajabo,

Salamu. Tuko wazima.

Hongera kwa gari. Ila mimi si yai, na mayai mawili yaliyopasuka nayo yalikuwa na mama yao. Kiuno kimeanza tena. Halafu kuna hawa paka. Halafu Umi anataka kupaka rangi sebule, na mimi ndiye ninayejua rangi. Sumaia mwambie anisamehe. Kanga na udi nimeshafunga, anakuja navyo Mariamo.

Kitanda?

Haula


Olumbi, 30 Agosti 2025

Dada,

Salamu za watu wote utazipata mwishoni, leo sitaweza kuzitanguliza.

Mariamo ameniambia kwamba siku aliyokuja kuchukua barua yako alikukuta juu ya ngazi unang'oa misumari kwenye bati, mdomoni umebana misumari mingine. Kisha ukashuka ukajitwika ndoo. Kiuno chako ni kizima kuliko changu.

Barua ile nimeisoma mara nyingi. Nilikasirika kwanza. Nimelala chini ya gari lile miezi miwili, nimepaka grisi mpaka ndevuni, na wewe unaniletea paka na rangi ya sebule. Nikamwambia Sumaia kwamba shangazi yake hataki kuja. Hakulia. Alisema, "Baba, shangazi hakatai gari. Muulize anakataa nini." Nikamjibu asiniingilie mambo yangu. Nilimjibu vibaya kwa sababu nilikuwa najua.

Siku ile ya kukimbia, tairi la nyuma kushoto lilipopasuka karibu na Kiyonga, nilikwambia ni msumari. Haukuwa msumari. Tairi lile lilikuwa kipara tangu mwezi mzima nyuma. Ancha alinisema, Rama alinisema, nikawaambia bado linakwenda. Tairi la akiba nalo lilikuwa halina upepo, nikalijaza kwa pampu ya baiskeli, na nyinyi mmekaa ndani ya gari na magari ya watu yanatupita. Namshukuru Mungu kwamba tulifika. Lakini tungekufa pale, dada, ningekuwa nimewaua kwa uvivu wa kubadilisha tairi.

Basi si kiuno chako nilichokuwa nakitengenezea matairi. Hata ungeniambia unaumwa kichwa ningenunua matairi.

Kitanda chako kipo. Sikukujibu kwa sababu chumbani mwako nimeweka vyuma vya gari, na mbao zangu, na mengine, na niliona haya. Mama Telma anajua, ndiye aliyenisaidia kubeba.

Kama unaniogopa mimi na gari langu, sema hivyo. Nitamwomba Nuro akufuate kwa gari la watu wengine. Wewe uje tu.

Wote wanakusalimu.

Rajabo


Mtwara, 7 Septemba 2025

Mwana wa mama,

Wa aleikum salaam wewe na wote. Umi anakusalimu. Sebule haijapakwa rangi na haitapakwa, hakuna aliyekuwa na mpango huo.

Lile tairi nililijua. Nililiona asubuhi ile wakati napanda, nikasema moyoni huyu mpumbavu atatuua, na nikapanda, kwa sababu hakukuwa na gari jingine na hakukuwa na ndugu mwingine. Hukunificha kitu. Miaka minne umebeba mzigo ambao mimi niliushusha siku ileile tulipovuka mto.

Sasa nisikilize na mimi. Sikuogopi wewe. Gari lilipokuwa likienda, linaruka linagonga, nilikuwa nakutukana njia nzima, unakumbuka, na matusi yale yalinisaidia sana. Liliposimama sikuwa na la kutukana. Kila mtu alinyamaza, hata watoto wa Mama Telma kule nyuma. Nikakodolea macho kile kibati cha dashibodi, nikawa nahesabu pampu zako. Ulipiga mia nne na kumi na mbili. Mpaka leo nikiwa jikoni kimya kikizidi, naanza kuhesabu. Ninachokiogopa ni mahali pale. Sijawahi kumwambia mtu, hata Umi.

Nikasema kiuno. Nilijua nikisema kiuno utashughulika na gari, na mwanamume anayeshughulika na gari haulizi maswali. Sikujua kwamba utalitengeneza kweli. Nilipozinunua zile shokapu niligombana na nafsi yangu njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nakuja. Si kwa sababu siogopi tena. Sumaia akikaa chumbani mpaka azeeke nitakuwa nimefanya ubaya ambao hata waliotukimbiza hawakuweza kuufanya.

Nitavuka Jumatatu tarehe kumi na tano. Ukifika mahali pale usisimame, wala usiniambie ndipo hapa. Na uje na hilo trei la mayai, nataka kuona kwa macho yangu, maana wewe ni mtu wa kuongeza chumvi.

Na toa takataka zako kitandani kwangu.

Haula


Olumbi, chumbani kwangu, 21 Septemba 2025

Rajabo,

Nyumba zetu zinatazamana na sauti yako naisikia hapa unavyowaeleza wageni habari za shokapu. Lakini tangu nifike hatujapata nafasi ya kusema mawili, na kwa barua tumezoea kusema kweli. Anayekuletea hii ni Ancha, usimcheleweshe, ana wageni.

Gari umelitengeneza. Nalisema mara moja tu na kwa maandishi, sitarudia mbele za watu. Kutoka Namoto nilingoja kiuno kianze kuuma ili nipate la kusema, hakikuuma, nikabaki sina mazungumzo. Ndiyo maana nilichukua yai moja kwenye trei nikalishika, nipate cha kufanya na mkono.

Tulipokaribia pale nilipajua kabla sijapaona. Wewe ulikuwa unaendesha macho mbele, hukupunguza mwendo, kama nilivyokuagiza, na shingo imekukakamaa. Hapo ndipo yai lilipopasuka. Nataka iandikwe kwamba mayai ishirini na tisa yaliyokuwa kwenye kiti hayakupata hata ufa. Lile moja gari halikulivunja, nililivunja mimi kwa mkono wangu.

Nikakwambia simama. Ni mimi niliyesema. Ulizima gari, ukaja upande wangu na lile dumu la maji ya rejeta, ukaninawisha mkono, kidole kimoja kimoja, bila kusema chochote. Wewe, ambaye huwezi kunyamaza hata msikitini. Kukawa kimya, nami nikangoja nianze kuhesabu. Sikuhesabu. Nilisikia ndege, nikasikia na tumbo lako linanguruma, nikaanza kukutukana kwa kuacha kula asubuhi. Tukaondoka. Mkono huohuo ndio niliomshika nao Sumaia siku ya Ijumaa, na ulikuwa mkavu kuliko wake. Nimefurahi kwamba nimekuja, Rajabo. Nimefurahi sana.

Sasa tuje kwenye chumba changu. Mbao umetoa, vyuma umetoa, ahsante. Lakini chini ya kitanda nimekuta tairi, kuukuu, kipara, limechanika ubavuni. Nimelijua. Kumbe umeliweka miaka yote hii, umelirudisha kutoka Namoto, ukalificha chini ya kitanda cha dada yako ili uwe unalitazama na kujilaumu. Nilitaka nikuandikie uje ulitoe leo hii, ukalitupe mbali, hilo na masimango yako.

Nimelivuta mwenyewe nikashindwa, nikapiga magoti kuangalia limekwamia wapi. Halijakwama. Ndani yake amelala kuku wa Ancha, yule mweupe aliyepotea tangu mwezi wa nane, na amenidonoa. Nimehesabu mayai tisa. Sasa najua kuku yule alikimbia nini, alikimbia trei lako.

Basi usilitoe. Liache palepale mpaka vifaranga vitoke. Gari usiliwashe karibu na dirisha langu, na kama ni lazima, pita taratibu.

Dada yako,
Haula